Kinanda cha Mtengeneza Saa

Laurens Hammond hakujua kupiga kinanda. Hilo aliniambia mzee mwenye karakana siku aliyoniajiri, na alilisema kama mtu anayetaja sharti la kazi: humu ndani tunatengeneza mashine, muziki tunawaachia wenyewe. Ilikuwa mwaka 1985, upande wa kusini wa Chicago. Nilikuwa nimemfuata dada yangu aliyekuwa muuguzi huko, nikiwa na cheti cha ufundi umeme kutoka nyumbani na Kiingereza cha darasani. Kinanda nilichokijua mimi kilikuwa kile cha kanisani kwetu Machame, cha kukanyaga, kilicholetwa zamani na wamisionari wa Kijerumani. Baba alikipiga kila Jumapili jasho likimtiririka, na katikati ya juma alishinda akiziba matundu ya panya kwenye mivukuto.

Mzee huyo alikuwa shemasi wa kanisa la Kibaptisti, kwa hiyo mtaa mzima ulimwita Shemasi, nami nikamwita hivyo hivyo. Yeye aliniita "mwanangu" tangu siku ya kwanza. Sidhani yalikuwa mapenzi. Jina langu lilimshinda kutamka.

Karakana ilijaa vinanda vya Hammond, vingi vikiwa vimevuliwa mgongo, vingine vimelala ubavu kwenye mablanketi ya wahamishaji mizigo. Vilivyokuja kwa wingi vilikuwa B-3 na C-3. Kwa ndani ni kinanda kimoja. B-3 husimama juu ya miguu minne iliyochongwa na watu wanaiona miguu ya mpigaji. C-3 imezibwa mbele na pembeni kwa ajili ya makanisa, mpigaji akiwa na gauni asihangaike. Kiwanda, ambacho kilikuwa upande wa pili wa jiji hilo hilo, kilianza kuvitengeneza katikati ya miaka ya 1950 na kikaacha katikati ya miaka ya 1970. Nilipoingia mimi kazini hapakuwa tena na kipya cha kununua. Kila kilichopita mikononi mwetu kilikuwa kimekwisha kuishi maisha fulani mahali fulani, na ukifungua mgongo ulikuta ushahidi: vitako vya sigara, pini za nywele, bahasha za sadaka, mara moja meno ya bandia.

Hammond alizaliwa mwaka 1895 Evanston, jirani na Chicago. Kabla ya vinanda alitengeneza saa. Saa zake ziliendeshwa na mota ndogo isiyojiamulia mwendo: inazunguka kwa kufuata mapigo ya umeme wa nyumbani, ambao Marekani hupiga mara 60 kila sekunde. Mtambo wa umeme ukishika mapigo hayo, saa haikosei. Biashara ya saa ilipoyumba wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, alijaribu hata meza inayochanganya karata yenyewe, kisha akaigeuzia mota ile ile kwenye sauti. Hataza yake ilitoka Aprili 1934, na mwaka uliofuata kinanda cha kwanza, Model A, kikaonyeshwa hadharani.

Wazo la kuzalisha sauti kwa magurudumu halikuwa lake peke yake. Thaddeus Cahill alikwisha kuunda mtambo wa namna hiyo, Telharmonium, ukafungwa New York mwaka 1906 na muziki wake ukasafirishwa kwa waya za simu. Ulikuwa na uzito wa tani zipatazo 200. Shemasi aliutaja mtambo huo kila tulipoanza kulalamika ngazini.

Ukifungua mgongo wa B-3 unakutana na sanduku refu la chuma linalokaribia upana wote wa kinanda. Ndani mna magurudumu 91, kila moja na kipenyo cha takriban sentimita tano, ukingo wake umekatwa meno ya mviringo. Mbele ya kila gurudumu kuna kijiti cha sumaku kilichozungushiwa koili. Jino likipita karibu, sumaku inatikisika na koili inatoa umeme kidogo sana. Gurudumu la meno 16 likizunguka mara 27 na nusu kwa sekunde linatoa mitikisiko 440, na hiyo ndiyo noti ya A ambayo wanamuziki wa okestra hupangia vyombo vyao. Kasi ya kila gurudumu inaamuliwa na gia, na gia imekatwa kiwandani, basi. Hakuna uzi wa kulegea, hakuna msumari wa kukaza.

Kwa hiyo kwa miaka yote niliyokuwa pale sikumwona mtu akileta Hammond ipangwe sauti. Shemasi alikuwa akisema kwamba fundi wake wa kupanga sauti ni kampuni ya umeme, na malipo yake yamo kwenye bili. Makanisani niliiona faida ya jambo hilo waziwazi. Piano zilipanda na kushuka kwa misimu, kiangazi zikivimba kwa unyevu, majira ya baridi zikikaushwa na joto la mabomba. Hammond ilibaki pale pale. Ila kisichoshuka pia hakisogei. Piano ikishapotea nusu noti, Hammond haiwezi kuifuata hata ukiisihi. Ilibidi fundi wa piano aitwe aje ailete piano kwenye Hammond. Wapiga tarumbeta walikuwa wakisukuma na kuvuta mirija yao huku wakinung'unika. Ndiyo bei ya kuwa na chombo ambacho kiko sahihi siku zote, na mimi naiona bei nafuu.

Wenye kiwanda hawakuridhika na sifa hiyo. Walitangaza kwamba kinanda chao kinaweza kutoa kila kinachotolewa na kinanda cha mabomba. Tume ya serikali kuu inayosimamia biashara ikawafungulia shauri. Mwaka 1937, katika kanisa la Rockefeller, Chuo Kikuu cha Chicago, Hammond ikashindanishwa na kinanda kikubwa cha mabomba, wasikilizaji wakitakiwa kusema wanasikia kipi. Wanafunzi walibahatisha tu, na hata wataalamu waliteleza si mara chache. Mwaka 1938 tume iliagiza madai hayo yakome. Kiwanda kilishindwa kwenye karatasi, lakini habari ilikuwa imekwisha kuenea kwamba kinanda cha dola 2,600 hivi kimewababaisha watu mbele ya kile cha makumi ya maelfu.

Mimi naona tume ilisema kweli. Sauti ya Hammond hujengwa kwa vishikio vidogo vya kuvuta, tisa kwa kila kundi, na kila kimoja kina ngazi kutoka moja hadi nane. Kimoja kinaongeza oktava, kingine noti ya tano, kingine ya tatu, na mpigaji anachanganya mpaka apate anachokitaka. Katika bomba au uzi, sauti hizo za juu huzaliwa pamoja na noti yenyewe, zikiwa safi. Hammond huziazima kutoka magurudumu yaliyokatwa kwa ajili ya noti nyingine, kwa hiyo baadhi yake hupotoka kidogo, na kuna nyingine, ile ya saba, ambayo haimo kabisa. Sikio lililolelewa na mabomba linaujua udanganyifu huo mapema. Lakini la Shemasi lililelewa na Hammond, na kwake mabomba ndiyo yaliyokuwa na kasoro.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo wahandisi wenyewe walilihesabu kuwa kasoro. Chini ya kila kitufe kuna nyaya tisa ndogo ambazo, ukibonyeza, zinagusa fito tisa za chuma. Hazigusi kwa pamoja. Moja inatangulia, nyingine inachelewa, na mwanzoni mwa noti unasikia mpasuko mdogo, tak, kabla sauti haijatulia. Wahandisi walihangaika kuupunguza. Halafu mwaka 1956 kampuni ya Blue Note ikatoa sahani za kwanza za Jimmy Smith, kijana wa Norristown, Pennsylvania, na tangu hapo wapigaji wa jazi wakawa wanautafuta mpasuko huo. Noti za haraka ziligeuka ngoma. Smith alizoea kuvuta vishikio vitatu vya kwanza hadi mwisho, vingine vyote ndani, na ule mshindo wa mwanzo wa noti ambao B-3 ilikuja nao ukiwa umewashwa. Wateja wetu vijana walikuja na kinanda chenye vishikio vimekwama katika mkao huo kwa kutoguswa miaka.

Walikuwapo pia wateja waliotaka mpasuko uondolewe, hasa wapigaji wazee waliosoma piano. Hao walikuwa na lalamiko lingine ambalo fundi hana dawa yake: kitufe cha Hammond hakijui hasira wala upole. Ukibonyeze kwa kidole kimoja cha mtoto au ukipige kwa ngumi, sauti ni ile ile. Ukubwa wa sauti unakaa mguuni, kwenye pedali ya kulia. Mpiga piano anayehamia Hammond bila kuufundisha mguu wake anapiga kitu kisicho na pumzi, na nimewasikia wengi.

Aliyeufundisha ni habari nyingine. Kanisa la First Church of Deliverance, upande huo huo wa kusini, lilinunua Hammond mwaka 1939, Kenneth Morris akawa mpigaji wake, na kutoka pale chombo kikasambaa katika makanisa ya watu weusi nchi nzima. Kazi yangu ilinipa nafasi ya kukaa karibu sana na chombo hicho, kwa sababu kinanda chenye matatizo kilipelekewa fundi ibadani ili akae nacho, nami nikawa ndiye wa kutumwa. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya mpigaji, bisibisi mfukoni. Mhubiri anapoanza, kinanda kinakaa chini, noti mbili tatu zimeshikwa, karibu hazisikiki. Mhubiri anapanda, mguu unasogea. Anakata sentensi, mkono wa kulia unaingia pale alipokata. Na kwa sababu sauti ya Hammond haifi mpaka kidole kinyanyuke, mama mmoja aliyekuwa akipiga pale aliweza kumshikilia mhubiri juu kwa dakika nzima akitafuta neno lake, bila shimo lolote katikati. Piano ingekuwa imekwisha kufa mara kadhaa. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kazi ya kinanda kanisani ni kumjibu mhubiri. Kwetu baba alingoja tangazo la namba ya wimbo.

Nusu ya sauti ile, hata hivyo, haikutoka kwenye kinanda. Ilitoka kwenye kabati la pembeni, spika ya Leslie. Don Leslie alikuwa mtu wa California aliyenunua Hammond na hakuipenda jinsi ilivyosikika nyumbani mwake: kavu, imesimama. Karibu na mwaka 1940 akaunda kabati ambalo sauti za juu zinatoka kwenye honi inayozunguka na za chini zinapita kwenye ngoma ya mbao inayozunguka nayo. Honi ikija upande wako sauti inapanda kidogo, ikigeuka inashuka, kama king'ora cha gari linalokupita, isipokuwa hapa linakupita mara nyingi kwa sekunde. Kuna mwendo wa polepole na wa haraka, na raha iko katikati, pale honi nyepesi inapowahi kushika kasi huku ngoma nzito ikijivuta. Honi zinaonekana mbili, lakini inayolia ni moja. Nyingine ni bubu, imewekwa kusawazisha uzito. Kila mwanafunzi mpya alipewa kazi ya kutafuta kwa nini honi ya pili haitoi sauti.

Laurens Hammond hakuipenda spika hiyo, na kampuni yake kwa miaka mingi haikutaka kuisikia. Wapigaji wakainunua wenyewe. Sijui mfano mwingine wa chombo ambacho mbunifu wake alipingana na wapigaji wake karibu kwa kila jambo lililokifanya kipendwe, kwenye mpasuko, kwenye spika, kwenye aina ya muziki, na bado pesa zikaingia kwake.

Sasa uzito. B-3 pamoja na benchi na pedali zake inafika karibu kilo 190, na Leslie inaongeza karibu 70. Nyumba za ghorofa tatu za Chicago zina ngazi za mbao upande wa nyuma, zinazogeuka kwa pembe kali kila ghorofa, na wakati wa baridi zina barafu. Tulikuwa watu wanne. Tulivua pedali na benchi kwanza, tukakivisha kinanda blanketi, tukakifunga kwenye mbao mbili za kubebea zenye magurudumu, na kwenye ngazi magurudumu hayakuwa na maana. Mtu wa chini ndiye aliyebeba kila kitu. Shemasi, aliyekuwa na miaka zaidi ya sitini, alikaa juu akitoa amri. Wapigaji wa jazi waliokuwa wakizunguka klabu kwa klabu walijua mateso haya kila usiku, na baadhi yao walinunua magari ya kubebea maiti kwa sababu ndiyo yaliyokuwa marefu ya kutosha. Nimekutana na wanamuziki wazuri kabisa walioacha Hammond kwa sababu ya mgongo, na siwalaumu.

Kinanda kikishafika ndani hukiwashi papo hapo, hasa Januari. Oili imeganda kwa baridi na mota ile ya saa haiwezi kujianzisha yenyewe. Ndiyo maana kuna swichi mbili. Ya kwanza unaishikilia kama sekunde nane, mota ya kuanzishia inayasukuma magurudumu yote mpaka yapite kasi inayotakiwa. Kisha unawasha ya pili ukiendelea kuishikilia ya kwanza kwa sekunde chache, mota ya mwendo inadaka, unaachia. Wageni wasiojua waliwasha swichi moja, wakasikia kimya, wakatupigia simu kwamba kinanda kimekufa. Shemasi aliwatoza nauli.

Kuhusu kudumu kwake, ambako ndiko watu husifu zaidi, nina maneno. Wanasema Hammond inadumu maisha. Inadumu, ikiwa kuna mtu. Juu ya sanduku la magurudumu kuna vikombe vya oili, na kutoka kwenye vikombe nyuzi nyembamba za pamba zinashuka hadi kwenye kila egemeo, zikifyonza oili kidogo kidogo. Mara moja kwa mwaka mtu anavijaza. Ni kazi ya dakika tano ambayo mtoto anaweza kuifanya, na ndiyo kazi ambayo kamati za makanisa zilisahau kuliko zote, kwa sababu kinanda kisichotiwa oili mwaka huu kitapiga vizuri mwaka huu. Kitapiga mwaka ujao pia. Halafu siku moja kinaanza kupiga kelele za chuma, na ukikuta mtu mwenye nia njema amekwisha kukitia oili ya dukani, ile nyepesi ya kufungulia kufuli, basi nyuzi zimejaa gundi na itabidi uoshe yote kwa siku kadhaa. Hivyo ndivyo nilivyoona magurudumu yamekwama kabisa, shafti haizunguki hata kwa koleo.

Noti inayokwaruza au iliyonyamaza ni jambo dogo. Mara nyingi ni vumbi kwenye zile fito. Kuna skrubu inayosogeza fito zote pembeni kwa unywele mmoja, nyaya zikagusa chuma kipya. Niliipenda skrubu hiyo. Mtu aliyeibuni alijua kabisa kwamba miaka thelathini baadaye kutakuwa na kijana fulani, mahali fulani, mwenye bisibisi na haraka. Lakini vinanda vilivyotoka kuanzia katikati ya miaka ya 1960 vilikuwa na ukanda wa sifongo ndani ya safu za vitufe, na sifongo hiyo ikizeeka hugeuka utelezi unaokula nyaya. Hapo skrubu haisaidii. Unaivua safu nzima: vitufe 61, kila kimoja na nyaya tisa, jumla 549, na safu ziko mbili. Kinanda cha mwaka 1958 kinaweza kuwa na afya kuliko cha 1970, na mnunuzi anayetazama ung'avu wa mbao hawezi kulijua hilo.

Ugomvi wetu mkubwa karakanani ulikuwa juu ya kapasita. Vinanda vya zamani vina kapasita za karatasi na nta kwenye koili za magurudumu, na kwa miaka thamani yake hupotoka, sauti za juu zikafifia na kinanda kikawa cha giza. Ukibadilisha zote, kinang'aa kama kilivyotoka kiwandani. Na mara nyingi mwenyewe anakuja baada ya wiki akisema umeniharibia kinanda. Alikuwa amezoea giza. Labda alijifunzia kupiga ndani ya giza hilo, na vishikio vyake vyote alivipanga kulikabili. Mimi, kijana wa cheti, nilishikilia kwamba kipimo ni kipimo. Shemasi hakubadilisha hata moja mpaka mteja aje mwenyewe akae, asikilize kinanda chake kando ya kilichokwisha kubadilishwa, aseme kwa mdomo wake anataka kipi. Wengi walikwenda na giza lao. Mpaka leo sina uhakika nani alikuwa sahihi, ila biashara ilikuwa yake.

Jambo jingine alilonifundisha ni mkono wa kushoto mfukoni. Ampulifaya ya kinanda na ya Leslie zote ni za valvu, na ndani yake mna volti mamia kadhaa. Ukigusa kwa mikono miwili, umeme unapita kifuani. Alipokuwa akipima kitu kilichowashwa, mkono mmoja ulikaa mfukoni, hata akiwa anaongea na mchungaji.

Miaka hiyo ya themanini ndiyo makanisa yalipoanza kutoa Hammond kwa bei ya kutupa. Yamaha ilikuwa imetoa DX7 mwaka 1983, kibodi ambayo kijana wa kwaya aliibeba kwapani, na ikawa na sauti ya kengele na ya piano ya umeme na ya kila kitu. Kamati zilipiga hesabu: oili, fundi, nafasi ya sakafu, watu wanne wa kubeba. Niliona vinanda vimetolewa nje kando ya barabara mvua ikivinyeshea. Vingine viliangukia kwa wapigaji wa roki waliovikata kwa msumeno kupunguza uzito, wakatengeneza masanduku mawili ya kubebeka. Shemasi hakuwa mtu wa machozi, alivinunua vilivyokatwa kwa vipuri. Baadaye bei zikapanda tena, na kibodi za siku hizi zikaja kuiga magurudumu kwa kompyuta, na mpasuko, na hata uvujaji wa sauti kutoka gurudumu moja hadi jingine ambao wahandisi wa zamani waliuonea aibu. Zinaiga vizuri. Ukinifunga macho katika ukumbi mkubwa, nitabahatisha kama wale wanafunzi wa mwaka 1937. Kwa mwanamuziki anayesafiri, ningesema nunua kibodi, na spika ya Leslie ya kweli kama mfuko unaruhusu, kwa kuwa hiyo ndiyo inayogoma kuigwa.

Niliporudi kuishi Moshi sikutegemea kuulizwa tena. Lakini mchungaji wa usharika mmoja wa mlimani alinifuata: usharika rafiki wa huko Marekani unafunga milango, una B-3 na Leslie yake, wanataka kuwapa bure, kontena lina nafasi. "Mzee wetu, wewe ndiye unayeijua kazi hii. Tupokee au tusipokee?"

Nilimweleza jambo ambalo kamati nyingi haziwazii. Tofauti ya volti si tatizo, transfoma inatosha. Tatizo ni mapigo. Umeme wetu hupiga mara 50 kwa sekunde, na mota ile ni ya saa, inatii. Mota iliyozunguka mara 1,200 kwa dakika kule itazunguka 1,000 hapa. A ya 440 itatoka 367 hivi, chini kidogo ya F kali. Kwaya ikitaka C itapewa kitu kilicho chini ya A. Kila wimbo utashuka, na transfoma za ndani, zilizopimwa kwa mapigo 60, zitapata joto kupita kiasi. Vilivyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya vilirekebishwa tangu kiwandani, hiki hakikurekebishwa. Na umeme ukikatika mkawasha jenereta, mtasikia maajabu: fundi mitambo akiwasha vipaza sauti, injini inalemewa, mapigo yanashuka, na wimbo mzima unazama nao.

Mchungaji alisikitika, akaniaga. Baada ya siku chache akaja kijana wa usharika, fundi wa sola.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Hakukaa hata kitini vizuri. Kanisa lao, akasema, linawaka kwa sola, na inveta yake ina sehemu ya kuchagua: 50 au 60. Hakuna aliyewahi kuigusa. Wimbi lake ni safi, si lile la ngazi ngazi la inveta za bei nafuu. Akafunga laini moja ya kinanda peke yake, na transfoma ya kushusha volti, je, kuna linalozuia?

Nilikaa nikifikiri kama kuna linalozuia. Inveta hiyo inashika mapigo yake kwa usahihi, wala haijali nani amewasha nini barazani. Nikamuuliza habari za watu wa kubeba. Akasema vijana wapo na kanisa halina ngazi. Nikamuuliza nani atatia oili. Akasema yeye, na je, ya cherehani inafaa?

Nikamwambia hapana, aagize ile inayoandikwa kwa ajili ya kinanda hicho, chupa ije ndani ya kontena hilo hilo. Lakini kwanza awaandikie wenyewe leo leo wamtajie kilitengenezwa mwaka gani, na wafungue mgongo, wapige picha ya ndani ya safu ya vitufe, pale kwenye sifongo.